Je, Yafaa Kupasha Maji Moto Kabla ya Kutia Chumvi?

Katika toleo lililopita la gazeti letu mwenzangu mmoja wa Chama cha Sayansi aliandika kwamba maji ya chumvi kwa ajili ya samaki wa baharini yapasa kutengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, na chumvi itiwe maji yangali moto, kwa kuwa joto ndilo liyeyushalo. Aliandika vizuri na wengi walimsifu. Mimi simpingi kwa chuki. Twakaa dawati moja na twala sinia moja. Lakini nasema kwamba ameshika nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo iuayo samaki. Tena Chama kimekusudia kuifuata kanuni hiyo hiyo siku ya wazazi, tutakapowaonyesha mama zetu namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Hapo si habari ya samaki tena. Ndiyo sababu nimemwomba Mhariri ukurasa huu.

Wanafunzi wa zamani wasomao gazeti hili wakiwa mbali huenda wakastaajabu kusikia habari za samaki wa baharini mjini Juba, mahali palipo zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Mombasa kwa barabara. Basi na wajue kwamba hapa Hai Amarat, mtaa ninaokaa, yuko mzee mmoja mwenyeji wa Mombasa mwenye mkahawa, naye ana tangi la kioo la lita 200. Samaki wake walikuja kwa ndege ndani ya mifuko ya nailoni. Wawili ni wadogo, rangi ya chungwa na mistari myeupe, wa namna ile wakaao matumbaweni. Mimi humsaidia siku za Jumamosi kulisafisha tangi na kubadili maji, lita 20 kila juma, yaani jerikeni moja. Mzee ameahidi kutupa samaki hao wawili shuleni kama Chama kitaonyesha kwamba kinaweza kutengeneza maji yao. Kwa hiyo maneno ya mwenzangu si ya kubishania darasani tu. Yakifuatwa, tutaona matokeo yake kwa macho.

Tuanze na ile nusu aliyo nayo. Ni kweli kwamba katika maji ya moto chumvi huyeyuka upesi kuliko katika maji baridi. Lakini upesi ni jambo moja na wingi ni jambo jingine. Wengi wetu tumekariri kwamba joto likizidi, kiasi kinachoyeyuka nacho huzidi, kisha twaandika hivyo katika mtihani bila kuuliza ni kitu gani kinachoyeyuka. Sukari hufuata kanuni hiyo vizuri sana. Shura nayo huifuata kupita kiasi, maana gramu 100 za maji kwenye nyuzi 20 za sentigredi huchukua gramu 32 hivi za shura, na maji yakikaribia kuchemka huchukua zaidi ya gramu 240. Lakini chumvi ya kula ni mkaidi. Kwenye nyuzi 0 gramu 100 za maji huchukua gramu 36 hivi. Kwenye nyuzi 100 huchukua gramu 39 hivi. Basi kuni zote hizo na makaa yote hayo yametuongezea gramu 3 tu! Na bei ya gunia la makaa hapa Juba kila mmoja wetu aijua.

Hata hizo gramu 3 hatuzihitaji. Maji ya bahari kwa kawaida yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila kilo moja. Lita moja ya maji baridi kabisa yaweza kuchukua chumvi mara kumi ya hiyo kabla ya kusema nimeshiba. Kwa jerikeni letu la lita 20 twahitaji gramu 700 hivi, nayo itayeyuka yote katika maji ya kawaida kama yakikorogwa au yakisukumwa na pampu ndogo. Jambo la kuchekesha ni kwamba chumvi ya kula inapoyeyuka hunyonya joto kidogo kutoka kwa maji yenyewe. Kwa kiasi cha gramu 35 katika lita, maji hupoa kama nusu nyuzi.

Sasa nije kwenye ile nusu ya pili, na hapa naomba wasomaji wanivumilie maana hesabu ni nyingi kidogo.

Chumvi ya tangi si chumvi ya kula. Chumvi ya dukani ni ya aina moja, tena imetiwa madini joto kwa ajili ya afya yetu. Maji ya bahari yana klorini na sodiamu kwa wingi, lakini pia yana salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na kabonati, kila kimoja kwa kipimo chake. Chumvi ya pakiti aletewayo Mzee imetengenezwa kuiga mchanganyiko huo. Katika hao wote kuna mmoja asiyependa joto kabisa, naye ni kalsiamu akikutana na kabonati. Vitu hivi viwili katika maji ya moto hushikana, vikawa unga mweupe kama chokaa, vikashuka chini. Mwenye kutaka ushahidi na atazame ndani ya birika la chai nyumbani kwao, hasa kama watumia maji ya kisima. Lile ganda jeupe lililoshika chini na ubavuni lilikuwa limeyeyuka ndani ya maji siku maji yalipokuwa baridi. Moto ndio uliolitoa.

Basi mtu akiitia chumvi ya bahari katika maji ya moto, huyaona maji yakigeuka kama maziwa mepesi. Hudhani chumvi haijayeyuka, akaongeza moto. Kumbe kila akiongeza moto huzidisha unga. Maji yakipoa, unga ule haurudi ndani upesi. Samaki hupata maji yaliyopungukiwa kalsiamu, na kama mna matumbawe au konokono hao hukosa cha kujengea mifupa na magamba yao. Kwa sababu hiyo hiyo ni vizuri kuitia chumvi katika maji kidogo kidogo, wala si kumimina maji juu ya chumvi. Maana mwanzoni yale maji machache huwa makali mno, na unga hujitenga hata bila moto.

Hilo ni kosa la kwanza la maji moto. Kosa la pili ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Ni kosa la kipimo.

Mzee hupima maji yake kwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea. Maji yakiwa mazito kwa chumvi, kijiti huinuka. Yakiwa mepesi, huzama. Lakini haidromita haijui kitu kiitwacho chumvi. Yenyewe hujua uzito wa maji tu, na maji hupungua uzito yakipata joto kwa sababu hutanuka. Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi, kwenye nyuzi 25, lita yake huwa na uzito wa gramu 1,023 hivi. Maji yale yale, bila kutoa wala kutia chumvi, yakiwa kwenye nyuzi 40 lita yake huwa gramu 1,018 hivi. Tofauti ni gramu 5. Mwaweza kusema gramu 5 ni nini? Hesabuni. Kila gramu moja ya chumvi iongezwayo katika kilo huongeza uzito wa lita kwa kama robo tatu ya gramu. Kwa hiyo mwenye maji ya nyuzi 40 atakayeongeza chumvi mpaka kijiti kionyeshe 1,023 atakuwa ametia gramu 6 au 7 za ziada katika kila lita. Hapo maji yake yamefika gramu 41 au 42, wala si 35. Chumvi hiyo yapita hata ile ya sehemu nyingi za Bahari ya Sham, ambayo yasifika kwa chumvi kali. Samaki wa Mombasa atiwaye humo ghafula hatajua kosa ni la nani, lakini atakufa.

Mwenzangu atajibu kwamba yeye atapima kwa mizani, hatatumia haidromita. Vema, mizani ni bora, nami namuunga mkono. Maji yakipimwa moto kwa jerikeni hupungua kidogo yakipoa, lakini upungufu huo kati ya nyuzi 40 na 25 ni kama nusu ya sehemu moja katika mia, haudhuru. Ila chumvi ya pakiti hunyonya unyevu hewani, na pakiti iliyofunguliwa zamani huwa na maji ndani yake, hivyo mizani peke yake hudanganya kwa upande mwingine. Mwisho wa yote lazima kupima maji yenyewe, na lazima yapimwe yakiwa kwenye joto lililoandikwa juu ya kipimo. Haidromita nyingi za matangi huandikwa nyuzi 25, na nyingine za maabara huandikwa nyuzi 15 au 20. Ni wangapi katika Chama waliowahi kuyasoma maandishi hayo madogo?

Kosa la tatu nitalipitia upesi. Maji ya moto hayashiki hewa. Maji matamu ya nyuzi 25 huweza kushika miligramu 8 na kidogo za oksijeni katika lita. Maji ya bahari kwenye joto hilo hilo hayafiki 7, na kwenye nyuzi 30 huwa 6 na kidogo. Maji yaliyochemka hayana oksijeni karibu yoyote mpaka yatikiswe tena kwa muda. Tena fikirini, lita 20 za nyuzi 60 zikimiminwa katika lita 180 za nyuzi 26, tangi zima hufika nyuzi 29 na zaidi kwa dakika moja. Mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kwa nyuzi moja au mbili tu juu ya desturi kwa majuma kadhaa, matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka, na mahali pengi zaidi ya nusu yake yalikufa. Viumbe hao wamezoea bahari isiyobadilika ovyo.

Basi kanuni ya kupasha maji ilitoka wapi? Mimi naona ilitoka katika vitabu vya nchi za baridi. Katika Uingereza au Ujerumani maji ya bomba wakati wa kipupwe huwa nyuzi 8 au 10, na mtu akitia chumvi humo akayamimina kwa samaki wa nchi za joto, atawaua kwa baridi. Kwa hiyo mwandishi wa huko husema, kwanza pasha maji. Maana yake ni kuyafikisha nyuzi 25, si kuyachemsha. Sisi tukasoma "pasha maji", tukawasha jiko! Hapa Juba, mwezi wa Februari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 37, na maji yaletwayo na lori la tangi yakikaa katika pipa juani, mtu hawezi kuogea saa nane mchana. Taabu yetu ni kuyapoza, na habari hiyo kitabu cha London hakikuiandika kwa kuwa mwandishi wake hakuwa na haja nayo. Sisemi vitabu vya kigeni vitupwe. Nasema visomwe na mtu akumbukaye alipo.

Kupoza, basi, kwafanywaje? Barafu ni ghali na umeme hukatika. Lakini katika kila ua wa Juba iko zir, mtungi mkubwa wa udongo. Maji hupenya polepole katika udongo wake, hukauka nje kwa upepo, na kukauka huko huchukua joto. Wakati wa kiangazi zir hupoza vizuri sana. Wakati wa mvua hewa ikiwa na unyevu hupoza kidogo tu. Nimejaribu na kipimajoto cha Mzee mwezi wa Januari: maji ya pipa yalikuwa nyuzi 36, na yale ya zir asubuhi yake nyuzi 24. Lakini angalieni, chumvi isitiwe ndani ya zir. Maji ya chumvi yakipenya katika udongo huacha chumvi katika vitundu vyake, mtungi ukatoka ukungu mweupe nje, vitundu vikaziba, na mama yako hatakusamehe. Maji yapoe katika zir yakiwa matamu, kisha yahamishwe katika ndoo safi ya plastiki, ndipo chumvi itiwe kidogo kidogo, pampu izunguke usiku kucha, na asubuhi yapimwe. Mzee hufanya hivyo na samaki wake wana miaka mitatu.

Nilipomweleza rafiki mmoja haya, aliniuliza: mbona watengenezao chumvi hutumia moto? Swali lake ni zuri. Huko Kibiro, chini ya jabali la Bunyoro katika Uganda, kando ya ziwa ambalo Nile yetu hutoka kabla ya kupita Nimule na kufika hapa, wanawake wamekuwa wakitengeneza chumvi kwa karne nyingi. Hukusanya udongo wenye chumvi, hupitisha maji katika udongo huo yadondoke na chumvi yake, kisha huyachemsha. Uvinza katika Tanzania watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Lakini tazama kazi ya moto ni ipi. Moto wa Kibiro hauyeyushi chumvi; huyafukuza maji ili chumvi ibaki. Yaani watu hao hutumia moto kwa kazi iliyo kinyume kabisa cha ile tunayotaka sisi. Katwe, katika Uganda pia, kazi hiyo hiyo hufanywa na jua.

Nami sasa nimefika kwenye siku ya wazazi.

Kipindupindu si hadithi kwetu. Kilitangazwa hapa Juba mwezi wa Mei 2014, kikarudi miaka iliyofuata, na mwezi wa Oktoba 2024 kilitangazwa tena huko Renk, kikaenea. Dawa ya kwanza ya mgonjwa aharishaye ni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mishipa, akawapa wagonjwa mchanganyiko huo wanywe. Vifo vikashuka kutoka watu 30 hivi katika kila 100 hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS ya siku hizi ina gramu 20.5 kwa lita moja ya maji, na katika hizo chumvi ya kawaida ni gramu 2.6 tu. Asiye na pakiti hutia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa si vya kulundika, katika lita moja.

Je, gramu 2.6 zahitaji moto ziyeyuke? Zingeyeyuka katika maji ya barafu. Maji yachemshwe kweli kweli, kwa sababu ya vijidudu; hilo sibishani nalo hata kidogo. Lakini yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yapimwe lita moja na pakiti imiminwe. Mama akifuata maneno ya mwenzangu, atatia pakiti katika sufuria iliyo motoni, na sufuria itaendelea kuchemka akishughulika na mtoto. Lita moja ikipungua ikawa robo tatu, kila kitu kilichomo kimekuwa kikali zaidi kwa theluthi moja. Mtoto mchanga aliyekwisha kupungukiwa maji akinyweshwa chumvi ya kuzidi, maji yaliyosalia mwilini mwake huvutwa, naye huzidiwa. Kosa hilo mama hataliona, maana chumvi iliyozidi ndani ya maji haina rangi. Tena mchanganyiko usiokwisha kwa saa 24 umwagwe, utengenezwe mwingine.

Kwa hiyo naomba Chama kibadili karatasi iliyokwisha kuandikwa kwa ajili ya siku hiyo. Mstari wa tatu usemao "tia chumvi maji yakiwa moto" ufutwe, na mahali pake paandikwe "ngoja maji yapoe, kisha pima lita moja, kisha tia". Karatasi iandikwe kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili pia, kwa kuwa mama wengi wa mitaa yetu walilea watoto Kakuma au Uganda, kama alivyonilea mimi mama yangu, na maneno ya zahanati wameyazoea kwa lugha hiyo. Ichapwe kwa herufi kubwa.

Na kuhusu samaki, Chama kitakutana Ijumaa saa kumi. Nitakuja na ndoo mbili, pakiti ya chumvi ya Mzee na haidromita yake, ambayo amekubali kutuazima mpaka mwisho wa muhula. Mwenzangu atengeneze ndoo moja kwa maji ya moto, nami nitengeneze moja kwa maji ya zir, kwa chumvi ya uzito mmoja. Jumamosi asubuhi tutazitazama zote mbili, tuone ipi ina unga chini.